Picha za Uani

Harusi zetu huku Nachingwea zina video ya aina moja, na mimi nimeshapiga za kutosha kulisema hilo bila kumwogopa mtu. Maharusi wanaingia, watu wanacheza, watu wanakwenda kutunza, watu wanakula, maharusi wanatoka. Kamera imesimamishwa kwenye stendi mbele ya jukwaa tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila mtu anapita mbele yake akinyoosha shingo ili ndugu walioko Dar wamwone, na muziki umemwagwa juu ya kila kitu. Ukiitazama kwa robo saa umeshaijua yote. Hata wenye harusi wenyewe huiangalia mara moja, kisha wanamwazimisha jirani na hawaulizi tena imeishia wapi.

Mimi sipigi hivyo, na sioni haya kujisifu. Kazi nilifundishwa na mwenye studio mmoja pale karibu na stendi ya mabasi, mwanamume mkali ambaye hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Alichonifundisha ni kurudi na picha nyingi kuliko nitakazozitumia, na zisifanane. Umempiga mtu uso, mpige na mikono. Umepiga mikono, rudi nyuma uipige nyumba nzima. Chungu kinachemka, kipige, mpige na anayepuliza moto, mpige na mbuzi aliyefungwa pembeni anayeangalia mambo yasiyomhusu. Ukija kukaa kwenye kompyuta unakuwa na cha kuchagua. Mtu asiye na cha kuchagua ndiye anayejaza muziki.

Tena mimi ni mwanamke. Mwanzoni watu walicheka, siku hizi ndiyo sababu wananitafuta. Naingia jikoni, naingia chumbani kwa bibi harusi, naingia kwa makungwi mpaka pale wanaponiambia hapa zima, na nazima. Wapiga video wa kiume wanabaki nje na wazee, wanapiga viatu mlangoni.

Basi mwaka jana, ufuta umekwisha kuuzwa na harusi zimefululiza, alikuja mama mmoja kutoka Lionja. Alikuja peke yake. Alikaa kwenye benchi langu, akakaza ushungi, akaniangalia kama anayechagua mbegu.

"Wewe ndiye binti wa kamera?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Namwozesha mwanangu. Anakwenda Matambarale, kule Ruangwa."

Nikampa hongera, nikaanza kumweleza habari za nyimbo, kwamba achague mapema zipi ziwekwe. Akanikatiza.

"Ngoma sizitaki. Nataka unionyeshe anapokwenda."

Kwetu mama hampeleki mwanawe kwa mume. Wanaokwenda ni shangazi, somo aliyemfunda, ndugu na majirani, wanaimba njia nzima. Mama anabaki nyumbani na masufuria machafu. Wanaporudi wanamwambia wamempokea vizuri, na watasema hivyo hata kama hawakuona kitu, kwa sababu wamekula pilau wakashiba. Zamani, mama yule aliniambia, wala kulikuwa hakuna hofu hiyo, maana mwanamume ndiye alikuwa anahamia kwetu. Tunamwona kila asubuhi kama ni mtu au si mtu. Siku hizi vijana wanawachukua wake zao wanakwenda nao.

"Wa kwanza alikwenda mbali," alisema. "Video yake ilikuwa kucheza tu. Mwanangu anacheza, wakwe zake wanacheza, nami nikafurahi. Siku moja namwona huyo anaingia uani na begi. Mpaka leo hajaniambia kilichompata. Nikimuuliza, ananiambia yamekwisha, mama."

Kisha akanieleza kazi yangu. Alitaka kuona maji wanachota wapi, jiko lao likoje na mwanawe analala wapi. Zaidi ya yote alitaka kuona watu wa kule wanavyomtazama mwanawe wageni wakishaondoka.

"Nikiona kibaya sisubiri. Kaka yangu yupo. Kabla fungate haijaisha atakwenda kumrudisha."

Hilo halikuwa tishio la bure. Katika familia zetu nyingi mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba akisema binti arudi, anarudi. Nikaona kwamba ninachokwenda kukileta kinaweza kuvunja ndoa ya watu. Wala sikuogopa. Nilisisimka, niseme ukweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu ananiagiza kazi ninayoiweza kuliko wote.

"Mama, nitakuletea mpaka mbuzi wao," nikamwambia.

Hakucheka.

Lionja nilipiga vizuri, sina la kueleza. Wakati wa kuondoka, watu wote wako nje wanaimba na kosta inapiga honi, nilirudi ndani nikampiga mama mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Hakuniangalia.

Matambarale tulipokewa kwa vigelegele. Upande wa mbele wa nyumba ulikuwa umependezeshwa hasa: turubai, mapazia yenye kung'aa, makochi yaliyokusanywa nyumba tofauti, maana hapakuwa na mawili yanayofanana. Kijana mmoja, mdogo wake bwana harusi, alinikimbilia kabla sijashusha begi.

"Dada wa kamera, sisi huku tunataka kitu cha kibabe kinoma. Stendi yako weka hapa, inakula jukwaa lote."

Nikaiweka hapo, nikaiacha iendelee kula jukwaa lote peke yake. Nikatoa kamera ndogo, nikazunguka nyuma.

Uani ndiko kulikokuwa na nyumba yenyewe. Jiko la makuti, mapipa ya maji, kuku, kamba ya nguo, wanawake wanakuna nazi na kugeuza wali. Nikainua kamera. Papo hapo kazi zote zikasimama. Miiko ikawekwa chini, mikono ikafutwa, kanga za jikoni zikavuliwa, kila mmoja akavaa sare yake juu ya jasho. Wakajipanga mstari mmoja mbele ya moto, mikono ubavuni, macho makavu, wanasubiri picha ya pasipoti. Wali ukaanza kuungua.

Huku kwetu ndivyo tulivyo. Kamera kwetu ni mgeni, na mgeni hapokelewi na mtu mwenye masizi. Ukisema "endeleeni tu na kazi" ndiyo umeharibu kabisa, wanaendelea kama wanaigiza kwenye mkutano. Dawa naijua. Nikaizima kamera, nikaitundika shingoni, nikavuta mbuzi ya nazi nikaanza kukuna. Nikaulizwa nimeolewa, nikajibu. Nikaulizwa mbona sinenepi, nikajibu. Mmoja akanisema kwamba tui langu litakuwa na vipande. Walipoanza kunisema nikajua wamenizoea, na kidogo kidogo nikawa nakuna kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Nikapata mvuke. Nikapata mtoto anaiba nyama. Nikapata bibi mmoja anaonja mchuzi, anakunja uso, anaongeza chumvi, halafu anapiga kofi mkono wa mwenzake aliyekuja kuongeza tena. Nikatoka nikapiga mapipa, paa la jiko lenye tundu, choo kwa nje, na njia ya kwendea bombani.

Hapo ndipo aliponikuta mjomba wa bwana harusi.

"Wewe," alisema, "harusi iko mbele. Huku unapiga nini?"

"Napiga nyumba, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba iko mbele."

"Mbele nimeacha kamera nyingine."

"Kwa hiyo hii ni ya choo?"

Wanawake wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameshaelewa, au amedhani ameelewa. Kwake yeye, upande wa bibi harusi ulikuwa umetuma mtu kuja kuhesabu matundu yao ya paa ili wakasemwe Lionja nzima. Akaniambia nifute nilivyopiga, na sauti yake haikuwa ya kutania. Mimi nina hasira za karibu, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililimeza kwa ajili ya yule mama. Nikauliza mamamkwe yuko wapi, nikamfuata.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, amekaa stoo amezungukwa na magunia, anagawa sahani. Sikumzungusha. Nilimweleza kwamba mama wa binti amebaki Lionja, kwamba anataka kuona mwanawe ameingia nyumba ya namna gani, ndiyo maana napiga uani. Habari za yule binti wa kwanza sikumwambia, hazikuwa zangu.

Akashika sahani mkononi muda mrefu.

"Mama yake ndiye kasema?"

"Ndiye."

"Na choo ameuliza?"

"Ameuliza kila kitu, mama."

Akatoa kicheko kilichomtikisa mwili mzima. Akanyanyuka, akamwendea mjomba, akazungumza naye kwa Kimwera, haraka haraka. Mimi Kimwera changu ni cha kununulia mboga, lakini niliona mabega ya mjomba yakishuka. Alirudi mbele bila kuniangalia. Mamamkwe akanishika mkono, akaniambia twende nikaone kila kitu, yeye hana cha kuficha.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa wema wake mwenyewe. Alinitembeza. Alinifungulia chumba cha maharusi, akatandika shuka upya mbele yangu. Akanipeleka bombani, akashika bomba akatabasamu. Akaenda akamkumbatia bibi harusi, akamlisha tonge, akaniangalia kama nimepata. Nikavipiga vyote hivyo huku moyo unanisinyaa. Mtu anayeonyesha huwezi kujua kitu kwake. Mama wa Lionja alikuwa ameshaonyeshwa mara moja, kwenye video ya binti wa kwanza, akaonyeshwa mpaka akashangilia.

Nikaamua sirudi na kosta. Nikalala kule pamoja na shangazi na somo, nikijiambia kwamba asubuhi wenyeji watakuwa wamechoka na kuonyesha.

Asubuhi ile naipenda mpaka leo. Turubai limelegea, makochi yanarudi kwa wenyewe vichwani mwa watu, uani kumejaa vyombo. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kujipanga mstari. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa, nikapiga chochote kilichopita: ming'oko, vile viazi vya porini, inachemshwa kwa ajili ya chai, mamamkwe amefunga kiuno na kanga ya zamani anasugua sufuria kwa mchanga, wifi zake bibi harusi wamekaa duara wanabangua karanga na kusimuliana mbuzi aliyekula sare ya mtu. Kisha somo akamleta bibi harusi atuage, maana tulikuwa tunaondoka. Akasimama pale pembeni ya duara, macho chini kama alivyofundishwa. Nikaona mwanga unaipata hina yake vizuri, nikasogea nikapiga mikono. Nilipiga muda mrefu, nikazima, tukaondoka.

Nyumbani nilichambua kazi yangu kwa raha. Nilikuwa na vipande vingi kiasi kwamba kuchagua kuliniuma. Niliunganisha nyumba nzima: maji, jiko, chumba, sahani, mamamkwe na sufuria lake. Ile ya mikono niliiacha nje, kwa sababu picha za hina nilikuwa nazo nzuri zaidi kutoka Lionja. Nikaona nimefanya kazi ambayo hata yule mwalimu wangu angekosa la kukosoa. Fungate ilikuwa bado haijaisha nilipobeba kompyuta nikaenda Lionja.

Mama aliniwekea meza ndogo sebuleni, akakaa karibu mpaka magoti yake yakagusa meza. Nje, kwenye kibaraza, alikaa kaka yake. Alikuwa ameambiwa siku hiyo asiende shamba. Binti wa kwanza wa mama, yule aliyerudi na begi, alikaa kizingitini ametupa mgongo, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilimsalimu, akaitikia, hakugeuka.

Nikawasha. Mama alitazama bila kupepesa. Njia ya bombani ikamfanya agune. Tundu la paa akaliangalia, akasema hata langu lipo. Nikaanza kujisikia vizuri. Ikafika mamamkwe anamlisha bibi harusi tonge.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha.

"Huyu anajua anapigwa."

"Hapo ndiyo, mama. Ngoja asubuhi."

Asubuhi ikaja, ming'oko, karanga, mamamkwe anasugua sufuria. Mama akatikisa kichwa polepole.

"Huyo anaosha chombo chake. Mwanangu yuko wapi hapo?"

Nilikuwa nimejivunia kile kipande kuliko vyote, na alikuwa amesema kweli. Nilimwonyesha nyumba nzima, ila mwanawe ndani ya nyumba hiyo nilikuwa nimemwonyesha akiwa anaonyeshwa. Video ikaisha. Mama akashusha pumzi, akaangalia kibarazani alikokuwa kaka yake, na nikajua anataka kumwita.

"Ndizo zote hizi?"

"Yapo makapi, mama. Niliyoyaacha."

"Weka hayo makapi."

Sijawahi kumfungulia mteja makapi yangu. Ni kama kumkaribisha mtu chumbani hujatandika. Lakini nilifungua, yakawa yanapita moja baada ya jingine: kuku, ukuta, kidole changu, kuku tena. Ikaja ile mikono yenye hina. Mikono tu, imeshikana, na nyuma yake mchanga wa uani na sauti za wifi zake wakicheka habari za mbuzi. Ndefu, haina kitu. Nikanyoosha kidole niipitishe.

"Rudisha."

Aliyesema ni binti wa kwanza. Sikujua ameinuka saa ngapi, alikuwa amesimama nyuma yetu na ungo mkononi.

Nikarudisha.

"Siyo mikono," akasema. "Tazameni chini, pembeni."

Tukatazama chini, pembeni. Mguu wa mtu uliingia kwenye picha, mguu wa mwanamke, kisigino kimepasuka, una vumbi. Ulikuwa unasukuma kigoda. Ulikisukuma juu ya mchanga kwa wayo mpaka kikagusa muundi wa bibi harusi. Mwenye mguu alikuwa anaendelea kusimulia, neno halikumkatika. Ile mikono yenye hina ikashuka taratibu, bibi harusi akakaa. Hakusema asante na hakuna aliyeingoja. Mguu ukarudi ulikotoka, na mbuzi wa simulizi akaendelea kula sare.

Mama aliniambia nirudishe tena. Nikarudisha. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Ni wifi yake?"

"Ni wifi yake mkubwa, mama. Wala hakujua kama napiga. Hata mimi sikujua."

Akaegemea kiti. Akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu nimjue, sauti ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Kaka! Nenda shamba kwako."

Kaka yake akaingiza kichwa, akatuangalia, akachukua jembe lake akaondoka. Nilifurahi mpaka nikataka kupiga kelele. Nilianza kufunga kompyuta, nikitayarisha maneno ya kuagia.

Binti wa kwanza alikuwa bado amesimama pale pale, anaangalia kioo ambacho hakikuwa na kitu tena.

"Mimi kule nilikaa chini, mama," akasema.

Mama yake akageuka.

"Vigoda vilikuwepo. Nikikaa, naambiwa ninyanyuke, hicho cha fulani. Nikikaa kingine, hicho nacho cha fulani. Sikupigwa. Chakula nilikuwa napewa. Ningekuambia nini? Ningesema nimerudi kwa sababu ya kigoda?" Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anapangusa maganda ya mbaazi kwenye ungo. "Nikawa nakaa chini. Mwisho wake hata kikiwepo kitupu, nakaa chini."

Nilikumbuka kwamba nilipofika alikuwa kizingitini, na ndani mlikuwa na viti viwili havina watu. Mama naye nadhani alikumbuka. Aliinuka. Akakishika kiti alichokuwa amekalia yeye, kile kilichokuwa mbele ya kompyuta, akakigeuza kumwelekea mwanawe.

"Kaa."

"Kaa wewe, mama. Mimi hapa panatosha."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Aliukalia ukingo tu, ungo magotini, kama mtu anayesubiri kuinuliwa. Mama yake akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mikono yote miwili mabegani, akamkandamiza mpaka mgongo ukagusa kiti. Kisha akaniambia niifungue tena kompyuta, niwawekee ile ya kigoda.